Anayeuliza hajapoa

Na Wilondja Asukulu

Huku kwetu Minembwe, katika nyanda za juu za mashariki mwa Kongo, kijana akisimama kanisani baada ya mafundisho na kuuliza kwa nini nabii alitabiri amani na vita ikaja, huambiwa amepoa kiroho. Akirudia swali, anaitwa mbele aombewe. Hatauliza tena. Siku moja atashuka kwenda kusoma Uvira au Bujumbura, huko ataacha kanisa kimya kimya, na sisi tutasema mji umemharibu. Mji haukumharibu. Alifika huko na swali lake lile lile, ambalo hakuna mzee aliyewahi kukaa naye walizungumze.

Naandika haya nikiwa mtu wa kanisa, na nataraji kuzikwa na kanisa.

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na kutoka huko Injili ikapanda milima. Babu zetu walioipokea hawakuipokea wakiwa wamefumba macho. Waliacha matambiko ya baba zao, wengine wakagombana na ukoo mzima. Hakuna anayefika hapo bila kuuliza maswali makali juu ya alichorithi. Sisi wajukuu tumezaliwa ndani ya kanisa, na tunakatazwa kufanya jambo lile lile lililowafanya wao kuwa waumini.

Nyanda hizi zimeshaona imani isiyoulizwa inavyofanya kazi. Wakati wa maasi ya Mulele, mwaka 1964 na 1965, wapiganaji walinyunyiziwa dawa ili risasi zigeuke maji. Che Guevara, aliyekuwa nao katika milima ya Fizi kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, aliandika masharti ya dawa hiyo: usiguse kitu kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope. Aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja sharti mojawapo. Kwa hiyo dawa haikushindwa hata siku moja. Aliyeshindwa ni maiti, na maiti hajitetei.

Sasa tazameni tunavyofanya katika vyumba vya maombi. Mama mmoja wa kwaya ya wamama huku Minembwe aliporwa ng'ombe wake wote. Akatabiriwa kwamba watarudi kabla ya Pasaka. Akafunga siku tatu bila kula wala kunywa, usiku akijifunika blanketi kwa baridi ya huku juu. Pasaka ikapita. Alipouliza, akaambiwa, “Mama, chunguza moyo wako, kuna dhambi umeificha.” Akajibu kwa heshima, “Baba mtumishi, moyo nimeuchunguza. Walioondoka na ng'ombe wangu walikuwa na bunduki. Mbona wao hamwaambii wachunguze yao?” Watu wakanyamaza.

Bado anaimba. Kwangu, imani yake ndiyo iliyokomaa kuliko ya wote waliokuwa mle chumbani, kwa sababu alikataa kumsingizia Mungu neno ambalo Mungu hakulisema. Na Biblia iko upande wake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inataka nabii apimwe kwa lile lililotokea. Haisemi apimwe aliyetabiriwa. Na nabii asipopimwa, watu hufa: kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu.

Wanaohofia kwamba maswali yataua kanisa wamtazame Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia jinsi alivyofuatana na baba yake, angali mdogo, kumwombea mtoto mgonjwa. Walipotoka alimwuliza baba yake kwa nini ameomba tu bila kutoa dawa, wakati yeye akiugua nyumbani hupewa dawa. Baba angeweza kumkemea. Badala yake alimweleza kwamba yeye si daktari. Kazi yake ni kuomba, na dawa hutolewa na waliosomea. Mtoto akaamua kusomea. Swali lile likampeleka katika hospitali ya kanisa ya Lemera, ambako wagonjwa waliuawa vitandani Oktoba 1996, kisha hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999 chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, na hadi Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kanisa hakuliacha.

Liko swali zito zaidi, nalo tunalikwepa wote. Tangu 2017 vijiji vya nyanda za juu vimechomwa, ng'ombe wameporwa, watu wa kila kabila wamekimbia. Wengi wa walioshika silaha, upande huu na upande ule, wamekulia katika makanisa ya CEPAC, CELPA na Methodisti, wakiimba nyimbo zile zile kwa Kiswahili kile kile. Kila mmoja anamwomba Mungu yule yule amshinde jirani. Miaka 100 ya Injili, na ubatizo haujaweza kuzuia kiberiti! Mkristo wa Minembwe, wa Fizi au wa Baraka asiyejiuliza imani yake imemzuia kumtendea jirani jambo gani, bado anaishi kwa imani ya babu yake.

Wachungaji na wazee wetu, nawasihi: baada ya mafundisho ya Jumapili, wapeni vijana saa moja ya kuuliza. Asiombewe mtu kwa sababu ya swali lake. Na pale msipokuwa na jibu, waambieni hamna.