Valeriano Bécquer Si Ndugu wa Mshairi Tu

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika karne ya 19, ukoo wa Bécquer wa mjini Sevilla, Uhispania, uliithibitisha methali hii. José Domínguez Bécquer (1805-1841) aliikimu aila yake kwa kuchora maisha ya watu wa kawaida wa eneo la Andalucía, na wageni waliouzuru mji huo walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Jamaa yake, Joaquín, naye alikuwa mchoraji mwenye sifa. José alipoaga dunia aliacha watoto kadhaa, wakiwemo Valeriano, aliyezaliwa mwaka 1833, na Gustavo Adolfo, aliyezaliwa mwaka 1836. Mama yao alifariki mwaka 1847. Mayatima hao wawili walifunzwa uchoraji na Joaquín. Hatimaye mkubwa alishikilia brashi, na mdogo akaichagua kalamu.

Hivi leo Gustavo Adolfo Bécquer huhesabiwa miongoni mwa washairi wakuu wa lugha ya Kihispania. Valeriano je? Aghalabu hutajwa katika sentensi moja, kama ndugu wa mshairi. Naonelea kwamba mgao huu si wa haki, na kwamba unaidhuru fasihi yenyewe kabla ya kuudhuru uchoraji.

Kwanza, sura ya mshairi tunayoijua ni kazi ya Valeriano. Mnamo mwaka 1862 alimchora mdogo wake, na picha hiyo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Sevilla. Ndiyo iliyowafunza Wahispania jinsi mshairi wa mapenzi anavyofaa kuonekana: nywele nyeusi zilizojisokota, macho yaliyozama katika fikira. Sura ya mshairi huyo iliingia hata katika noti ya peseta 100 ya mwaka 1965. Msomaji anapoyasoma mashairi yale huku akiikumbuka sura ile, tayari anaongozwa na mchoraji, ajue asijue.

Pili, ndugu hawa walifanya kazi bega kwa bega. Kati ya mwaka 1863 na 1864 waliishi katika nyumba kongwe ya watawa ya Veruela, chini ya mlima Moncayo. Huko Gustavo Adolfo aliandika barua zilizochapishwa katika gazeti la El Contemporáneo mwaka 1864, naye Valeriano akajaza madaftari kwa michoro ya mandhari na wanavijiji walewale. Mhakiki anayezisoma barua hizo bila kuitazama michoro hiyo amesikia nusu ya mazungumzo.

Tatu, Valeriano alikuwa na kazi yake mwenyewe. Mwaka 1865 serikali ilimpa posho ili azunguke mikoani na kuchora mavazi na desturi za wenyeji, kwa sharti la kuwasilisha picha kwa makumbusho ya taifa. Matunda yake ni picha kama ile ya ngoma ya wanakijiji wa Soria (1866) na ile ya chemchemi ya Sonsoles huko Ávila (1867), ambazo zimo katika makumbusho ya Prado, Madrid.

Yupo atakayepinga kwamba kazi ya kulipiwa na serikali ni ya kuagizwa, wala haiwezi kulinganishwa na ya Goya. Ni kweli kwamba Valeriano hakuwa Goya. Hata hivyo, kuagizwa si hoja ya kuitupa kazi. Washairi wangapi waliwatungia watawala, nasi tukaendelea kuzihakiki tungo zao kwa heshima? Isitoshe, agizo lilimtaka achore desturi. Halikumwamuru namna ya kuwatazama wenye desturi hizo. Fauka ya hayo, posho hiyo haikumfanya mtu wa raha. Mapinduzi ya mwaka 1868 yalipomng'oa Malkia Isabel wa Pili, posho ilikatwa. Valeriano alirudia kuchorea majarida ili apate riziki, na mwaka 1870 alikuwa akichorea La Ilustración de Madrid, jarida ambalo mdogo wake alisimamia upande wake wa fasihi.

Valeriano alifariki Septemba 1870 akiwa na umri wa miaka 36. Gustavo Adolfo alimfuata Desemba mwaka uo huo, akiwa na miaka 34. Marafiki walikutana katika karakana ya mchoraji José Casado del Alisal, wakachangisha fedha, na mwaka 1871 maandishi ya Gustavo Adolfo yakatoka katika majuzuu mawili. Hivyo basi, hata umaarufu wa mshairi baada ya kifo chake ulianzia miongoni mwa rangi na brashi.

Mwaka 1913 mabaki ya ndugu hao yalihamishiwa Sevilla pamoja. Waliowazika waliona kwamba hawatenganiki. Ni mitaala iliyowatenganisha. Rai yangu kwa wanafunzi wenzangu wa fasihi ni hii: tunapomsoma mtunzi yeyote, tuulize pia ni nani aliyeketi kando yake akifanya kazi, na kwa nini jina lake halimo katika orodha ya vitabu tunavyotahiniwa.