Uwanja wa Mtaa na Kituo cha Watoto: Kazi Isiyoishia Mlangoni mwa Skuli

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tunaifundisha darasani, tunaitungia maswali, na wanafunzi wanatueleza maana yake bila ya kukosea. Hata hivyo, sisi walimu mara nyingi tunaiendesha kazi yetu kana kwamba mkono wa skuli peke yake unatosha, na kwamba saa za mtoto zilizo nje ya kengele hazituhusu. Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni kwamba michezo ya watoto mitaani, pamoja na malezi ya watoto wadogo wakati wazazi wako kazini, ni mambo ya ualimu, na kwamba vyuo vyetu havina budi kuyaingiza katika mafunzo. Mifano yetu tunaitoa Mji Mkongwe na vijiji vya Unguja, maana huko ndiko tunakokujua.

Kitabu cha mahudhurio

Tuanze na jambo dogo lililotufumbua macho. Tulipokuwa tukiwatembelea walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, upande wa mashariki wa kisiwa, tuliombwa shauri juu ya msichana mmoja wa darasa la nne aliyekuwa akikosa skuli. Mwalimu wake, kijana mwenye bidii, alikuwa ameandika neno "mtoro" mbele ya jina lake, na alikwisha kumwonya mara mbili. Tulikichukua kitabu cha mahudhurio tukakisoma pamoja. Siku alizokosa hazikutawanyika ovyo. Zilikaa mafungu mafungu: siku nne au tano za kukosa, kisha wiki nzima na zaidi ya kuhudhuria bila ya kasoro, kisha siku nne au tano tena. Mwalimu mmoja mzee, mzaliwa wa kijiji kile, alilitazama fungu la kwanza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Hizi ni siku za bamvua."

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji maelezo marefu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana, na hapo ndipo wakulima wa mwani wanapoweza kuteremka hadi kwenye kamba zao. Kilimo hiki kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Kimewapatia fedha zao wenyewe, jambo ambalo si dogo. Lakini mama anayesimama ndani ya maji ya magoti kwa saa tatu au nne hawezi kuwa na mtoto mchanga mgongoni kila siku. Bibi wa mtoto, ambaye zamani angebaki nyumbani, naye ana kamba zake baharini. Anayebaki ni dada wa miaka kumi.

Tulifika nyumbani kwao. Mama alitupokea kwa heshima, akatuwekea mkeka, akatuambia: "Walimu wangu, mimi nataka asome. Lakini maji hayanisubiri, na huyu mdogo nimwache na nani?" Hatukuwa na jibu. Turudipo skuli neno "mtoro" lilifutwa, lakini kulifuta hakukumrudisha mtoto darasani. Bamvua iliyofuata alikosa tena.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu mwalimu yule kijana hakuwa na kosa la uvivu wala la ukali. Alifundishwa kuandaa somo, kutengeneza zana na kusahihisha madaftari. Hakufundishwa kuuliza mtoto anafanya nini asipokuwa mbele yake.

Mjini kuna watu, pahala hakuna

Mjini shida ni ya namna nyengine. Mtoto wa Mji Mkongwe hakosi mtu wa kumtazama: baraza zimejaa wazee, na jirani humkanya mtoto wa jirani kama wake. Anachokosa ni pahala. Vichochoro vilivyojengwa kwa miguu ya watu na punda sasa vinapita vespa na pikipiki. Nyua za ndani ya majumba makubwa zimegawanywa, na nyingine zimekuwa sehemu za nyumba za wageni.

Viwanja vya wazi vipo, na historia yake yafaa ikumbukwe. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa katika miaka ya 1930, na baada ya matengenezo makubwa yaliyosimamiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ilifunguliwa tena mwaka 2009, ikiwa na sehemu ya michezo ya watoto. Ipo Bustani ya Jamhuri, na vipo viwanja vya Mnazi Mmoja na Maisara. Kariakoo upo uwanja wa kufurahishia watoto, ingawa michezo yake ya mitambo hulipiwa. Katika siku nne za sikukuu watoto huvaa nguo mpya, wakapewa mkono wa sikukuu, na viwanja vikawa vyao. Lakini mwaka una siku nyingi zaidi ya hizo. Forodhani yenyewe, jua linapotua, huwa ya wauzaji wa vyakula na ya wageni. Wavulana hubaki ukutani wakichupa baharini, nao ni fahari kuwatazama. Wasichana wa umri wao hatuwaoni hapo. Tukiuliza wako wapi, jibu ni kwamba wako nyumbani, na aghalabu wanalea.

Hesabu ya watu nayo inatuonya. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya watu 580,000, na ardhi haikuongezeka. Kila mkaazi wa Ng'ambo anaweza kuonyesha nyumba iliyosimama pale alipochezea mpira alipokuwa mdogo. Kiwanja kisichoandikwa kuwa ni cha watoto hugeuka kiwanja cha mtu.

Mambo yaliyokwisha kuanzwa

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 1990 ulianzishwa Zanzibar mpango wa elimu ya awali ya madrasa, uliotangulia kuanza Mombasa katika miaka ya 1980. Katika mpango huo jamii yenyewe hutoa jengo, huchagua kamati na huwatoa miongoni mwao akina mama wa kufundishwa ulezi, na zana huwa vitu vya hapo hapo: makombe, vifuu, mbegu na matambara. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya msingi ya lazima. Baada ya hapo vikaja vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo viliwafikia watoto wasio na skuli ya maandalizi karibu yao kwa vipindi vya redio na walezi wa kijijini. Jina lenyewe, kwa maoni yetu, lina somo zima la ualimu ndani yake.

Mambo mawili tunajifunza hapo. La kwanza ni kwamba kituo hudumu pale ambapo watu wa mtaa wanakiona kuwa ni chao. La pili ni kwamba mlezi hadumu bila ya posho. Mama mwenye moyo hujitolea mwaka mmoja, hata miwili. Wa tatu hurudi kwenye mwani au kwenye biashara ya maandazi, na hatuwezi kumlaumu. Ujuzi aliofundishwa huondoka naye.

Nchi nyingine zimelipitia suala hili kwa njia zao. Katika mji wa Chicago, Marekani, tangu mwaka 1905 zilifunguliwa bustani ndogo katika mitaa ya wafanyakazi, kila moja ikiwa na jumba lenye ukumbi wa mikutano na mahali pa mazoezi ya viungo. Mwaka 1934 mamlaka 22 za bustani za mji huo ziliunganishwa kuwa mamlaka moja. Hatulitaji hili ili tuige majumba yao; hatuna fedha hizo. Tunalitaja kwa sababu walikubali jambo moja: kwamba uwanja wa mtoto, kama bomba la maji, ni dhamana ya serikali ya mji, na una mtu anayeulizwa ukiharibika.

Mapendekezo yetu

Kwanza, kila shehia iwe na uwanja mmoja wa watoto ulioandikwa, hata uwe mdogo, nao uwe katika mikono ya sheha na kamati yake, chini ya baraza la manispaa au la mji. Hauhitaji vyuma vya kuchezea. Unahitaji kivuli, mchanga safi, na sauti ya mtu mzima. Zitengwe pia saa za wasichana, ili wazazi wawaachilie kwa moyo mkunjufu. Mchezo wa nage ambao kina mama na wasichana huucheza jioni za Ramadhani watosha kuonyesha kwamba wanachokosa si hamu.

Pili, pembeni mwa uwanja huo pawe na kituo cha kulelea watoto wadogo, na saa zake zifuate kazi ya wazazi wa pale. Hili twalisisitiza. Kituo kinachofunguliwa saa mbili na kufungwa saa sita kila siku hakimfai mkulima wa mwani, kwa sababu maji ya leo na ya kesho hayapwi wakati mmoja. Kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua zinajulikana mwaka mzima kabla, maana zinafuata mwezi. Ratiba ya kituo inaweza kuandikwa kwa siku hizo, na siku za maji mafu mlezi akapumzika au akafanya saa chache. Kwa njia hiyo hata posho yake itakuwa nyepesi kwa watakaoichanga.

Tatu, vyuo vya ualimu viyahesabu mazoezi katika vituo na viwanja hivi kuwa ni sehemu ya mazoezi ya kufundisha, yenye kukaguliwa na kupewa alama. Mwalimu mwanafunzi akae wiki mbili pasipo ubao wala chaki, awatazame watoto wakicheza, aandike alichokiona. Chukua mdako. Mtoto hurusha jiwe juu, na kabla halijashuka huzitoa kokoto shimoni, kisha huzirudisha zote isipokuwa moja. Mzunguko wa pili hubakisha mbili mbili, wa tatu tatu tatu. Akikosea idadi, zamu imempita, na wenzake ndio wakaguzi. Tumewaona watoto wakiigawa kumi na mbili mafungu ya tatu tatu kwa mkono mmoja, na asubuhi yake hesabu ile ile ikawashinda ubaoni. Mwalimu aliyeona mdako atajua aanzie wapi.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni upotezaji wa wakati, na kwamba mtoto ana skuli asubuhi na chuo jioni, basi yatosha. Tunawaheshimu wasemao hivyo, maana wanaogopa uvivu. Lakini Tanzania iliuridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, unaotambua mapumziko na mchezo kuwa ni haki. Na hata pasipo mkataba, kila mlezi ajua kwamba mtoto asiyecheza ni mgonjwa.

Wengine watasema kwamba kituo kitamnyang'anya mama kazi yake ya kulea. Jibu letu ni kwamba kwa sasa hanyang'anywi na kituo. Ananyang'anywa na maji, na mzigo unamwangukia binti yake.

Hofu yetu wenyewe ni nyingine. Tunaogopa kwamba vituo hivi vikipatikana tutavigeuza madarasa: watoto wa miaka mitatu watapangwa kwenye madawati, wataimbishwa herufi, na wazazi watafurahi kwa kudhani kwamba wamesoma. Ikiwa ndivyo, afadhali tuwaachie mchanga wao.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Tunawaomba walimu wenzetu, kila mmoja katika skuli yake, wakifungue kitabu cha mahudhurio cha muhula uliopita na wakiweke pembeni mwa kalenda ya mwezi mwandamo, au ya msimu wa karafuu, au ya siku za soko, kwa kadiri ya kazi za watu wa pale. Wahesabu waliokosa ni wangapi, wangapi ni wasichana, na kila mmoja wao ana mdogo wa umri gani nyumbani. Kisha karatasi hiyo waipeleke kwa sheha. Sisi ya kwetu tumeipeleka. Sheha aliisoma mara mbili, akauliza mti gani una kivuli kikubwa zaidi karibu na pwani, na kikao cha kwanza cha wazee na kina mama kikawekwa siku ya maji mafu, ili wote waweze kuhudhuria.