LUKU moja, matumizi mawili: gawanya gharama kabla hujamlaumu kuku



Juzi nilikaa na kijana mmoja hapa Kiabakari aliyeamua kuuza kuku wake wa mayai, wote 300. "Bwana shamba, hawa kuku wananifilisi," aliniambia. Amepanga nyumba moja: mbele fremu ya pembejeo, ndani stoo ya chakula cha kuku, uani banda, na katikati anaishi na mke na watoto. Nikaomba daftari. Pumba zimo, chanjo zimo, LUKU yote imo, kodi ya nyumba yote imo. Halafu nikaona mchele, gesi na ada ya shule, vyote vimeandikwa "gharama za mradi". Sasa hapo kuku ana kosa gani?

Maoni yangu ni haya: ukiishi na biashara chini ya bati moja, kugawa gharama siyo kazi ya mhasibu, ni sehemu ya ufugaji kama ilivyo chanjo. Na sisi maafisa ugani tuna lawama yetu. Tunafundisha banda na lishe, daftari tunaligusa juu juu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakuruhusu kupunguza matumizi yaliyofanyika kwa ajili ya kuzalisha kipato cha biashara tu. Ya nyumbani hayamo. Kwa hiyo bili moja inayohudumia pande zote mbili lazima uigawe, na uweze kuonyesha umeigawaje. "Nilikadiria nusu kwa nusu" siyo jibu.

Kipimo kinategemea gharama yenyewe. Tuchukue mfano.

Kodi ya nyumba: pima eneo. Nyumba ina mita za mraba 80, fremu 16, stoo 8. Biashara imechukua 24, yaani asilimia 30. Kama pango ni 120,000 kwa mwezi, ya biashara ni 36,000. Basi.

Umeme: hapa eneo litakudanganya. Taa mbili za wati 100 za kulea vifaranga, zikiwaka saa 12 kila usiku kwa siku 30, zinakula yuniti 72. Kama mwezi huo ulinunua yuniti 120, vifaranga peke yao wamekula asilimia 60, siyo 30. Piga wati mara saa. Ukiweza, fundi akufungie mita ndogo ya upande wa banda, ubishi uishe.

Maji: hesabu madumu. Kuku 300 wa mayai wanakunywa takriban lita 60 hadi 75 kwa siku, joto likizidi wanapita hapo. Ni madumu matatu hadi manne ya lita 20. Yanayobaki ni ya kupikia na kuoga, usiyaandike.

Mayai mnayokula nyumbani yaandike kwa bei ya kuuzia, kwamba mwenye mradi kachukua. Na hela unayojilipa wewe mwenye biashara binafsi siyo gharama, ni matumizi yako kutoka kwenye faida. Banda la kudumu nalo huliingizi lote mwaka mmoja: majengo ya kilimo na mifugo hupunguzwa asilimia 20 kwa mwaka.

Najua mtakachosema: "Kuandika ni kujichongea kwa TRA." Sikubaliani. Ni kweli mfanyabiashara mdogo anatozwa kwa mauzo, hapunguzi gharama yoyote. Mwaka 2019 kikomo cha utaratibu huo kilipandishwa kutoka mauzo ya milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Lakini hata humo daftari lina faida. Kwa viwango vya mwaka huo, mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu alipangiwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Nani kajichongea hapo? Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo ulizia vya sasa TRA kabla hujapiga hesabu zako.

Ukikua ukavuka kikomo, au ukasajili kampuni, ndipo mgawanyo huo utakapoamua kodi yako. Tabia hiyo huwezi kuianza siku ya kukaguliwa. Kumbukumbu unatakiwa kuzitunza miaka mitano, kwa hiyo dai risiti, ipige picha, iweke. Na andika kwenye karatasi moja njia uliyotumia kugawa, uifuate kila mwezi. Ukibadilisha, andika kwa nini.

Turudi kwa kijana wetu. Tulitumia jioni moja, futi kamba na kikokotoo cha simu. Tulipotoa ya nyumbani, kuku walikuwa na faida. Ndogo, lakini ipo. Hasara ilikuwa mezani kwake, na hiyo ni ya kuzungumza yeye na mkewe, siyo ya kumalizia kwa dalali wa kuku.

Hajauza. Kesho anafungua daftari la pili, la nyumbani. Wewe je? Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.