JIFUNZE HISTORIA: Nani Aliipa Nchi Yetu Jina?



Ukiandika barua, unaweka anwani yako: kijiji chako, Same, Kilimanjaro, Tanzania. Majina hayo tunayaandika upesi. Mwezi huu tuulize majina ya namna hiyo hutoka wapi.

Wajerumani walipoitawala nchi yetu waliiita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hilo halikuwa jina hasa. Lilikuwa kama alama anayopigwa ng'ombe, ili ijulikane ni mali ya nani. Huku milimani kwetu, wamisionari Wasabato kutoka Ujerumani walifika Giti, upande wa Mamba, mwaka 1903. Walijenga misheni wakaiita Friedensthal, maana yake Bonde la Amani. Jina zuri, lakini wenyeji waliendelea kusema Giti. Mpaka leo ni Giti.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, lilitoka Kilimanjaro likapita chini ya milima ya Upare. Wajerumani walishindwa. Sasa Waingereza walikuwa na nchi mkononi, lakini hawakuwa na jina la kuiita. Wasingeweza kuendelea kuiita ya Kijerumani!

Maofisa wa serikali yao huko London wakaanza kutafuta jina. Mmoja alitaja Smutsland, yaani nchi ya Smuts, jenerali yule yule. Lilitajwa pia Windsorland, kwa heshima ya ukoo wa mfalme wao. Na lilitajwa New Maryland, yaani Maryland Mpya.

Maryland ni nini? Ni jimbo moja la Marekani. Mwaka 1632 Mfalme Charles wa Uingereza alimpa bwana mkubwa mmoja, Lord Baltimore, ardhi ng'ambo ya bahari. Ikaitwa nchi ya Mary, kwa heshima ya mke wa mfalme, Malkia Henrietta Maria. Malkia huyo hakupata kuiona. Ardhi yenyewe ilikuwa na watu wake, Wapiscataway na wengine, na ilikuwa na majina yao. Miaka karibu 300 baadaye, watu wa London walikuwa tayari kutufanyia sisi vile vile.

Waziri wa Makoloni, Lord Milner, alikataa. Alitaka jina la huku huku. Kilimanjaro na Tabora yalikaribia kuchaguliwa. Mwisho likachukuliwa jina la ziwa, na mwaka 1920 nchi ikaitwa Tanganyika. Tumshukuru kidogo Milner, maana babu zetu wangeitwa Wasmatsi! Lakini hata jina hilo lilichaguliwa London, mezani.

Na jina la Pare? Watu wa milima ya kusini hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Watu wa Ugweno, kaskazini, wana Kigweno chao. Kuna masimulizi kwamba neno Pare lilitoka kwa majirani Wachaga, waliokuwa wakipiga kelele vitani: "Wapige!" Basi huenda tumepewa jina na waliotaka kutupiga.

Mwaka 1928 Waingereza waliunda Wilaya ya Pare, makao yake Same. Waliwaweka pamoja Wagweno, Wausangi, watu wa Mbaga, Gonja, Chome, Hedaru na wengine. Walifanya hivyo ili watawale kwa urahisi. Halafu wakaleta kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa makadirio hayo. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani, wakaja Same na kukaa hapo siku nyingi wakidai kodi hiyo iondolewe. Baadaye iliondolewa. Wilaya iliyoundwa kwa ajili ya watawala ikawa mahali pa kuwakatalia watawala, na walioshuka siku zile walidai kwa sauti moja kama Wapare.

Tangu hapo majina yamebadilika tena. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na mwezi wa Oktoba mwaka huo nchi ikaitwa Tanzania. Mwaka 1979 Wilaya ya Pare iligawanywa, zikawa wilaya za Same na Mwanga. Neno Pare halimo tena katika jina la wilaya. Lakini mkute mtu wa Ugweno na mtu wa Mamba wako pamoja Dar es Salaam, uwaulize kabila lao. Wote watajibu: Mpare.