Rangi Ikiondoka, Sura Ibaki

Dada mpendwa, ukifungua albamu ya nyumbani kwako huenda ukakuta jambo la ajabu. Picha ya bibi ya miaka ya 1950, ya nyeusi na nyeupe, bado ni safi. Lakini picha ya rangi ya arusi ya wazazi, ya miaka ya 1970, imegeuka nyekundu yote: gauni, maua, hata nyuso.

Sababu ni hii. Picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, nayo ikisafishwa vema hudumu sana. Picha ya rangi hutegemea rangi tatu: manjano, waridi iliyokolea na buluu yenye ukijani. Katika picha nyingi za miaka ile, hiyo buluu hufifia mapema, hata kama picha imefungiwa kabatini. Kinachobaki ni wekundu.

Wengi wetu hulitambua jambo hili siku ya msiba. Picha ya mama inatakiwa kwa ratiba ya ibada, na kijana wa dukani ambaye hakupata kumwona anaambiwa afanye haraka. Anafuta mikunjo, anang'arisha uso, na wajukuu wanauliza huyu ni nani. Afadhali kazi hii ifanywe mapema, kwa utulivu, na mtu anayemfahamu mama huyo. Mtu huyo ni wewe.

Kwanza, itoe picha katika kioo cha fremu. Ipeleke ikapigwe skana, au ipige kwa simu karibu na dirisha, mahali pasipo jua kali, bila kuwasha taa ya simu. Hifadhi nakala ya rangi kama ilivyo, kisha fanya kazi kwenye nakala ya pili.

Programu zisizolipiwa zipo: GIMP ya kompyuta na Snapseed ya simu. Usiridhike na kitufe cha kuondoa rangi tu. Hicho huchanganya kila kitu kwa kipimo kimoja, na picha iliyofifia hutoka kama imefunikwa na ukungu. Ndani ya kompyuta, kila picha ya rangi ina tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Katika picha iliyogeuka nyekundu, tabaka nyekundu ndilo lililopauka. Macho, nywele na mishono ya gauni kwa kawaida huonekana vizuri zaidi katika tabaka la kijani. Basi katika GIMP ongeza kijani na upunguze nyekundu. Katika Snapseed chagua kichujio cha kijani.

Picha mpya ambayo rangi zake ni nzima ina taratibu nyingine. Ngozi yetu ya kahawia ina wekundu mwingi ndani yake. Ukiongeza nyekundu, uso huwa mweupe. Ukiongeza kijani au buluu, uso hukolea na makovu hujitokeza. Angalia pia kanga: maua mekundu juu ya kitambaa cha kijani yanaweza kupotea kabisa, yote yakawa kijivu kimoja. Rekebisha kidogo kidogo, ukisimama pale unapomwona mama kama unavyomjua.

Hapa nasema kwa msisitizo: tusimchubue bibi kwa kompyuta. Rangi aliyopewa na Muumba wake, na mikunjo aliyoipata kwa kutulea, ni sehemu ya sura yake.

Kazi ikiisha, andika majina, mahali na mwaka. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na kwa sababu majina yao yaliandikwa, tunayajua hata leo. Picha nzuri isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya mgeni.

Mwezi huu chagua picha tatu tu. Ziandae, zichapishwe, kisha nenda nazo kwa mzee wa ukoo akutajie kila aliyesimama pale. Mchukue mwanao mkubwa aandike majina. Picha inaweza kungoja kabatini mwaka mwingine. Mzee anayezijua nyuso hizo pengine hatangoja.

Bwana azibariki nyumba zenu.