Simu ya mbwembwe na nyanya za juu ya tenga

Mchuuzi mjanja hupanga nyanya nzuri juu ya tenga. Mteja akifika nyumbani akakuta za chini zimepondeka, kesho harudi. Kampuni za simu nazo zina nyanya zao za juu.

Julai 2014, Amazon ya Marekani iliingiza sokoni simu janja iitwayo Fire Phone. Sifa iliyopigiwa debe ni kamera nne za pembeni zilizofuatilia kichwa cha mtumiaji ili picha zionekane kama zina kina. Watu walishangaa, lakini programu za Google walizozizoea hazikuwamo. Septemba, bei kwa wenye mkataba wa miaka miwili ilishushwa kutoka dola 199 hadi senti 99. Oktoba, kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 170, nyingi ikitokana na simu hiyo. Mwaka 2015 ikaacha kuuzwa.

Wapo watakaosema mbwembwe huuza. Sikatai. Nokia 1100 ya mwaka 2003 haikuwa simu janja, lakini ilikuja na tochi, na zikauzwa zaidi ya milioni 200. Tofauti ni kwamba tochi ina kazi kila usiku, hasa pasipo na umeme.

Ndugu mkulima, kabla hujauza magunia ya mahindi ununue simu, jiulize: sifa hii nitaitumia kesho kutwa? Kisha uliza betri inakaa muda gani na vipuri vinapatikana wapi. Usinunue tenga kwa kutazama juu tu.