Mwelekevu si Zawadi ya Adili

Tangu Adili na Nduguze ianze kuzunguka hapa kambini, nakala moja tu isiyo na jalada, wasomaji wamegawanyika. Kuna wanaotaka Hasidi na Mwivu wangebaki manyani, wachapwe kila usiku mpaka kiama. Kuna wanaosema mfalme Rai alifanya vyema kuwaombea msamaha. Watu wanabishana mpaka foleni ya maji inasogea hawana habari. Lakini kwenye jambo moja wote ni kauli moja: eti penzi la Adili na Mwelekevu ndilo utamu wa kitabu, na Adili alistahili kumpata.

Alistahili! Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Hebu tumtazame huyu binti. Mji wao mzima umegeuka mawe, wakubwa kwa wadogo. Amebaki yeye tu anayepumua. Anatokea mgeni, anamchukua mpaka chomboni. Humo chomboni kuna ndugu watatu na wote watatu wanamtaka. Wawili wanamtosa wa tatu baharini kwa sababu yake. Sasa nyinyi mnaosoma hadithi hii mkiwa na kadi ya mgao mfukoni, mbona mnakaa upande wa wenye chombo? Mkimbizi humo ndani ni mmoja, naye ni Mwelekevu.

Mtaniambia aliridhia. Haya. Aliridhia kwa mtu pekee aliye hai mjini, mwenye chombo pekee cha kuondokea. Angesema hapana angebaki na nani? Na mawe. Huenda mapenzi yalikuja baadaye, mapenzi huja, sibishi. Ila ridhaa ya namna ile mimi siiiti penzi.

Najua Shaban Robert alikuwa akiandika hekaya, iliyotoka 1952 na yenye asili yake katika Alfu Lela Ulela, na humo majina yenyewe ndiyo mafunzo: Adili, Hasidi, Mwivu. Hata jina la Mwelekevu ni sifa ya mtu mwepesi wa kuelekezwa. Simlaumu mwandishi. Ni yeye huyo huyo aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeondoka mwenyewe kwenda mjini Unguja, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Mwanamke wa kujiendea alimjua. Ninaowalaumu ni sisi wasomaji.

Maana hili halikuishia kitabuni. Sisi wa Ras Kamboni, na wenzetu wa Chula na Koyama, tulipokimbia vita 1991 tulipanda majahazi na mashua, wengine tukashuka Kiunga, wengine Lamu, wengine Mombasa. Aliyekuvusha unamwombea dua mpaka leo, na nauli yake ni haki yake. Lakini zimeletwa posa kwa hoja hiyo tu: yule ndiye aliyetuvusha. Wazee wakaitikia, binti akainamisha kichwa, sisi akina mama tukapiga vigelegele. Kimya chake tukakiita haya. Nimehudhuria harusi kama hizo, nimekula pilau yake, na sikumsikia hata mtu mmoja akimvuta binti pembeni kumuuliza.

Na ndugu zetu wa mashirika, mnaokipenda kitabu hiki kwa semina za msamaha na usuluhishi, nawaheshimu, ila kila mara mnatuuliza kama ndugu wale walifaa kusamehewa. Binti hamumtaji. Au swali lake linawagusa nyinyi pia, mnaogawa maboti, mahema na unga, na mnaongoja shukrani?

Nakala iko kwangu wiki hii. Anayetaka kunijibu aje aichukue. Ila akisoma ashike penseli, ahesabu Adili anasema mara ngapi na Mwelekevu mara ngapi, halafu tuonane Ijumaa baada ya Alasiri.